Kivu: Maji yakiingia nyumbani, nani analipa? Yale bima ya nyumba inafunika na yale inaacha

Msimu wa mvua katika Kivu unaanza mwezi wa tisa na kuendelea hadi mwezi wa tano, na kila mwaka habari ni zile zile. Ukuta umeanguka Kadutu, mto umetoka katika njia yake Uvira, ziwa limeingia sebuleni Kalemie. Tunahesabu wafu, viongozi wanapita kutoa pole, watu wanapewa maturubai na vyungu. Swali moja haliulizwi sana: nyumba iliyoharibika, nani anailipa? Kwa familia karibu zote za mashariki mwa nchi, jibu ni moja: mwenye nyumba mwenyewe, kwa pesa za likirimba, za ndugu aliye ng'ambo, ama kwa kuuza kipande cha kiwanja.

Hata hivyo, sheria ya Congo inajua bima ya majengo tangu zaidi ya miaka 50. Kuna wenye nyumba ambao wanalipa bima hiyo, ile wengi wetu tunaita asiransi. Mara nyingi ni wale waliochukua mkopo katika benki, wale wanaopangisha mashirika ya kimataifa, wafanyabiashara wenye depo. Wengi kati yao wanaamini kwamba maji yakiharibu nyumba, kampuni italipa. Kwa sehemu ni kweli. Shida ni kwamba sehemu ile isiyolipwa ndiyo inayofanana zaidi na mvua ya kwetu.

Sheria inalazimisha moto, maji inayaacha kwa hiari

Kwa karibu nusu karne, bima nchini ilikuwa na mlango mmoja tu: SONAS, kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka 1966. Mwaka 1974 sheria ilikuja kulazimisha bima ya moto kwa baadhi ya majengo. Tarehe 17 Machi 2015, sheria namba 15/005 iliondoa ukiritimba wa SONAS na kufungulia makampuni ya watu binafsi njia. Mamlaka ya kusimamia sekta hiyo, ARCA, iliwekwa baadaye, na makampuni mapya ya kwanza yakapata ruhusa mwaka 2019. Sheria ya 2015 imeendelea kuweka bima ya moto kati ya bima za lazima, pamoja na ile ya magari, ya kazi za ujenzi na ya bidhaa zinazoingizwa kutoka nje.

Maji hayamo katika orodha hiyo. Anayetaka kufunikwa kwa maji anapaswa kuomba mwenyewe, na kuongeza pesa.

Moto ni hatari ya kweli, hakuna anayebisha. Nyumba za mbao za Bukavu na Goma zinaujua. Lakini tuangalie miaka ya karibuni. Aprili 2020, mto Mulongwe na mito mingine ya Uvira ilifurika: zaidi ya watu 40 walikufa, na maelfu ya nyumba yakabomoka au kujaa matope. Desemba 2022 Kinshasa ilipoteza zaidi ya watu 120 kwa usiku mmoja wa mvua. Tarehe 4 Mei 2023, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe vilizikwa na maji na mawe, na waliokufa walipita 400. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda hadi kuingia mitaa ya Uvira na Kalemie, likakaa humo kwa miezi. Aprili 2025 ikawa tena zamu ya Kinshasa, mto Ndjili ulipokata barabara ya uwanja wa ndege. Mwezi uliofuata, Kasaba, katika Fizi, zaidi ya watu 60 walichukuliwa na maji usiku. Orodha ya hasara za nchi hii imeandikwa na maji. Orodha ya bima za lazima inaonekana iliandikwa mahali pengine.

Maji ya ndani na maji ya nje

Ukifungua mkataba wa bima ya nyumba (umeandikwa kwa Kifaransa, na kwa herufi ndogo), tafuta maneno matatu: «dégâts des eaux», «inondation» na «catastrophes naturelles». Mtu wa kawaida anaona ni kitu kimoja: maji yameingia, vitu vimeharibika. Kwa mwenye bima ni mambo tofauti kabisa, na pesa zake ni tofauti.

«Dégâts des eaux» ni maji ya ndani ya nyumba: bomba la Regideso lililopasuka ukutani, robine iliyovunjika, tanki lililofurika, choo cha juu kilichovuja na kuharibu plafo ya chini. Mikataba mingi inaongeza maji ya mvua yanayopenya kwenye paa. Sharti ni kwamba jambo hilo liwe limetokea ghafla, bila kutazamiwa. Bomba linalopasuka leo ni ghafla. Bomba linalodondosha tone kwa tone miaka miwili hadi ukuta ukaota ukungu siyo ghafla. Hapo kampuni itasema ni uzembe wa kutunza nyumba, na mkataba utaipa haki.

Kuna jambo lingine ambalo linashangaza watu. Kampuni inalipa kilichoharibiwa na maji, lakini mara nyingi hailipi kile kilichotoa maji. Plafo, rangi, makochi, televizyo: ndiyo. Bomba lenyewe, ama manjanja yaliyooza: hapana, hayo ni kazi ya mwenye nyumba.

«Inondation» ni maji ya nje: mto uliofurika, ziwa lililopanda, maji yanayoshuka mlimani na kuingia kwa mlango, maji yanayotoka chini ya sakafu. Katika mikataba ya kawaida maji hayo yameondolewa wazi, isipokuwa umenunua nyongeza yake. Mporomoko wa udongo vilevile: hata kama umesababishwa na mvua, kwa bima ni ardhi iliyosogea, siyo maji yaliyovuja. Kwa mkaaji wa Bukavu, mji uliojengwa juu ya milima yenye udongo unaoteleza, na ambako mteremko wa Funu unasogea polepole tangu miaka mingi, tofauti hiyo ni kubwa kuliko zote. Anaweza kulipa kila mwaka kwa ajili ya robine, na kukosa kabisa kwa ajili ya mlima.

Kwa hiyo swali la kumuliza ajenti siyo «je, maji yamo?» Atajibu ndiyo, na hatakuwa amedanganya. Muulize hivi: mvua ikinyesha usiku, maji yakatoka kwa jirani wa juu, yakaangusha ukuta wangu wa nyuma, mnalipa nini? Na akijibu, akuonyeshe mstari katika mkataba.

Hesabu ambayo wengi hawaioni

Kuna wanaotaja nyumba yao kwa bei ya chini ili primi, yaani pesa ya kila mwaka, ipungue. Ni ujanja unaomrudia mwenyewe.

Tuchukue mfano. Kujenga upya nyumba yako kungegharimu dola 40 000. Umeitangaza kwa dola 20 000. Bomba linapasuka, hasara ni dola 6 000. Unafikiri: 6 000 ni ndogo kuliko 20 000, nitalipwa zote. Hapana. Kampuni inasema uliweka bima ya nusu ya nyumba, basi inalipa nusu ya hasara: dola 3 000. Halafu inatoa franshizi, ile sehemu ambayo mkataba unamwachia mteja kila mara. Ikiwa franshizi ni dola 500, unabaki na dola 2 500. Kanuni hiyo haikubuniwa Congo, inatumika karibu duniani kote, lakini ajenti anayetaka kuuza haraka haielezi.

Angalia pia kama mkataba unalipa «valeur à neuf» ama unatoa «vétusté». Kwa namna ya pili, kochi la miaka 8 halitalipwa bei ya kochi jipya. Watahesabu uzee wake. Na neno «bei ya nyumba» maana yake ni bei ya kujenga upya, simenti, vyuma, mafundi. Bei ya kiwanja haiingii, kwani kiwanja hakipasuki. Bukavu, ambako kiwanja cha Muhumba kinaweza kupita bei ya nyumba iliyomo, watu wanachanganya mara nyingi mambo haya mawili na kulipa bima ya udongo ambao kampuni haitaulipa kamwe.

Karatasi za kiwanja

Hapa ndipo mlango unafungwa kwa wengi. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, udongo ni mali ya serikali. Raia anapata haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na «certificat d'enregistrement». Katika miji yetu, wenye cheti hicho ni wachache. Wengi wana karatasi ya kununua iliyotiwa sahihi na chefu wa avenyu na mashahidi wawili, ama fiche parcellaire. Kampuni ya bima inapenda kujua nani atapokea fidia, hivyo inaomba ushahidi wa mali. Asiye na cheti asikate tamaa mara moja, lakini aulize kabla ya kulipa ni karatasi gani watakayotaka siku ya hasara, na ajibiwe kwa maandishi. Kulipa primi kwa karatasi moja na kuja kudaiwa nyingine ni njia ya uhakika ya kukosa.

Kuna pia upande mbaya zaidi wa jambo hili. Katika miji ya Kivu kuna nyumba zenye cheti halali ndani ya mahali pasipopaswa kujengwa: ukingo wa mto, korongo, njia ya maji. Ofisi moja ya serikali inakataza, nyingine inagawa. Mtu ananunua kwa nia njema, anajenga kwa jasho la miaka 15, kisha anaambiwa yuko «zone rouge». Mwandishi wa habari hii anaona kwamba makosa ya kwanza hayako kwa maskini aliyejenga korongoni, kwani alienda pale palipobaki. Yako kwa aliyepima, akapiga muhuri na kupokea pesa. Kwa mwenye bima, hata hivyo, muhuri huo hausaidii: akijua nyumba iko njia ya maji, atakataa, ama ataandika maji ya nje kati ya yale yasiyolipwa.

Vita ndani ya mkataba

Hatuwezi kuongea juu ya bima Goma na Bukavu bila kutaja hali ya sasa. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Mabenki ya biashara yalifunga milango yake. Mikataba ya bima ya nyumba kwa kawaida inaondoa vita, machafuko na uporaji. Hiyo ina maana hata kwa maji: tanki lililotobolewa na risasi, mabomba yaliyong'olewa na waporaji, nyumba iliyoachwa miezi sita na wenyewe wakiwa wakimbizi huku paa likivuja. Katika hali hii ya mwisho kampuni inaweza pia kutoa sababu nyingine, kwamba nyumba ilikaa tupu kupita muda ulioandikwa, kwani mikataba mingi inapunguza bima ya maji nyumba ikiachwa bila mtu.

Kwa hiyo aliye na mkataba unaoendelea aulize mambo ya kawaida kabisa: ofisi gani iko wazi, eksperti wa kuangalia hasara atatoka wapi na kupitia njia gani, na fidia itapokelewa wapi kama benki ya mji wake imefungwa. Mkataba usioweza kutekelezwa ni deni la kila mwaka. Ikiwa majibu hayapatikani, afadhali pesa ile iende kwa fundi.

Litre moja kwa kila metre

Kwani fundi, kwa ukweli, ndiye bima ya kwanza hapa kwetu. Na kabla ya kumwita, ni vizuri kuelewa uzito wa kitu tunachopigana nacho.

Mvua ya milimetre moja juu ya metre moja ya mraba ni litre moja ya maji. Paa la metre za mraba 100, mvua kubwa ya milimetre 50 kwa jioni moja: ni litre 5 000, yaani toni tano. Kwa mwaka, Bukavu inapata zaidi ya milimetre 1 000; paa hilo moja linatupa zaidi ya litre 100 000. Sasa hesabu nyumba zilizobanana kutoka juu ya Cahi hadi chini, kila moja ikimwaga maji yake kwa jirani wa chini. Zamani mlima ulikuwa na miti na mashamba, maji yaliingia polepole katika udongo. Leo ni manjanja na simenti. Mvua ni ile ile ya babu zetu, ama imezidi kidogo, lakini maji yanayofika korongoni yamekuwa mengi na ya haraka mno.

Kwa sababu hiyo gutiere si pambo la nyumba za matajiri. Nyumba isiyo na gutiere inachimba msingi wake mwenyewe: maji yanaanguka mstari mmoja, mwaka hadi mwaka, yanatoa udongo chini ya ukuta, na ufa unaanza pembeni. Gutiere iongoze maji kwa bomba hadi tanki ama mfereji uliojengwa, siyo kwenye kichochoro. Tanki liwe na bomba la juu la kutolea maji yaliyozidi, na bomba hilo lifike mferejini; tumeona matanki mazuri yanayofurika moja kwa moja kwenye msingi. Likijaa, tanki la litre 5 000 lina uzito wa toni tano, hivyo lisiwekwe juu ya dali ambayo haikupigiwa hesabu, wala kwenye ukingo wa mteremko.

Ukuta wa kuzuia udongo, ule tunaojenga nyuma ya nyumba katika mteremko, ndio unaoua watu wengi. Mara nyingi mawe ni mazuri na simenti inatosha. Kilichokosekana ni matundu. Udongo ukinywa maji unakuwa mzito, na maji yenyewe yanasukuma ukuta kama mkono. Matundu ya bomba ndogo kila metre moja ama mbili, na mawe madogo nyuma yake ili udongo usiyazibe, yanatoa msukumo huo nje. Ni kazi ya bei ndogo sana wakati wa kujenga. Baada ya kujenga ni kazi ngumu, na baada ya kuanguka tunaijua hadithi. Ukiona ukuta umeanza kuvimba katikati, ama ufa mpya unaotoa maji ya matope, usilale katika chumba kile usiku wa mvua. Toa watoto kwanza, fundi atakuja kesho.

Kwa nyumba za matofali mabichi adui ni ule unyevu unaopanda kutoka chini. Msingi wa mawe uinuke angalau nusu metre juu ya udongo, na kati ya msingi na tofali la kwanza kuwe na plastiki nzito isiyopitisha maji. Paa litoke nje ya ukuta vya kutosha ili mvua ya upepo isipige tofali. Misumari ya manjanja ipigwe juu ya mgongo wa bati, siyo kwenye bonde ambako maji yanapita, na iwe na kofia ya mpira. Mafundi wa haraka wanaokoa muda hapo, na mwenye nyumba analipa plafo kila mwaka.

Goma ni hadithi nyingine. Juu ya mawe ya lava ya Nyiragongo, maji mengi yanazama katika nyufa, na mji hauna mito ya kuufurikia kama Uvira. Lakini penye udongo mwembamba na mabonde yaliyofungwa, maji yanakaa. Na nyumba za mbao zinaoza kuanzia chini. Kuinua mbao juu ya mawe, upepo upite chini, kunaongeza miaka ya nyumba. Uvira na Kalemie, kando ya ziwa, ukweli ni mchungu zaidi: ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, na likipanda halirudi kwa wiki moja. Hapo hakuna gutiere wala matundu yanayosaidia; kuna kuhama, ama kujenga juu zaidi, ama kukubali kwamba ghorofa ya chini ni ya kupita tu.

Halafu kuna robine. Katika kata nyingi, maji ya Regideso yanakuja saa nane za usiku, baada ya siku tatu bila tone. Mtu alifungua robine mchana, akakuta kavu, akasahau kuifunga. Usiku maji yanakuja na nguvu zote, na anaamka na sebule iliyogeuka bwawa. Ni kisa cha kuchekesha hadi maji yafike kwenye priza. Floteri nzuri ndani ya tanki, na mazoea ya kufunga robine kuu kabla ya kulala ama kusafiri, yanazuia hasara nyingi za ndani. Maji yakiingia, kata kwanza umeme kwenye disjonkteri ikiwa unaweza kuifikia bila kukanyaga maji.

Jirani wa chini na mpangaji

Je, maji yako yakiangusha ukuta wa jirani? Kitabu cha tatu cha sheria ya raia ya Congo, kipengele 258, kinasema kwa ufupi kwamba anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake anapaswa kuitengeneza. Kipengele 262 kinamtaja waziwazi mwenye jengo: jengo likianguka kwa kukosa kutunzwa ama kwa kujengwa vibaya, yeye ndiye anayebeba hasara iliyotokea. Anayeelekeza bomba lake kwa jirani ajue kwamba kesi ipo. Na hapa bima ina faida ambayo haisemwi sana: mikataba mingi ya nyumba inabeba pia hasara ambayo mwenye bima amewaletea majirani kwa maji yake. Katika miji yetu iliyobanana, sehemu hiyo ya mkataba inaweza kuwa na thamani kuliko plafo na makochi.

Mpangaji naye ana mkataba wake. Sheria ya 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha inaweka garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu, na matengenezo makubwa, kama vile paa, ni ya mwenye nyumba. Lakini bima ya mwenye nyumba, hata kama ipo, inafunika jengo lake. Haifuniki godoro, friji na mashine ya kushona ya mpangaji. Fundi cherehani anayepanga chumba cha chini Nyawera anaweza kupoteza kazi yake yote kwa mvua moja huku mwenye nyumba akilipwa. Bima ya vitu vya ndani kwa mpangaji ipo, na bei yake ni ndogo kuliko ile ya jengo. Haiulizwi kwa sababu haijulikani. AVEC nyingi, ambazo tayari zina mfuko wa kusaidiana kwa ugonjwa na kilio, zingeweza kuongeza maji katika sababu za kusaidia. Baadhi ya makampuni yanaweza hata kujadiliana na kikundi kuliko na mtu mmoja mmoja.

Siku ya hasara

Aliye na mkataba afanye hivi, kwa haraka. Azuie maji yasiendelee, kwani kampuni inaweza kupunguza fidia ya yule aliyekaa kutazama. Apige picha na video kabla ya kuosha. Asitupe vitu vilivyoharibika hadi eksperti aone. Atoe taarifa kwa maandishi katika muda wa mkataba, ambao kwa kawaida ni siku chache tu, na abaki na nakala yenye sahihi ya kupokelewa. Aombe pia karatasi ya kuthibitisha tukio kwa kata ama kwa burgumestre, hasa nyumba nyingi zikiwa zimeguswa. Faktire za vitu, picha za nyumba ikiwa nzima na nakala ya mkataba zihifadhiwe kwenye simu na kwa ndugu wa mji mwingine. Mkataba uliokuwa ndani ya kabati lililochukuliwa na mto hauna kazi.

Kinachokosekana Kinshasa

Hata hivyo, hakuna kampuni binafsi itakayokubali peke yake kubeba mlima wa Kadutu ama ukingo wa Mulongwe. Hasara ya namna hiyo inagusa watu elfu kwa usiku mmoja, na bima inaishi kwa kutegemea kwamba wateja hawaumizwi wote pamoja. Ufaransa ilijibu swali hilo mwaka 1982: kila mkataba wa nyumba unabeba lazima sehemu ya maafa ya asili, na kila mteja, wa mlimani na wa tambarare, anachangia, mchango huo ulipandishwa kutoka asilimia 12 hadi 20 mwezi wa kwanza 2025. Nchi hiyo ina wateja wengi wa bima, sisi hatuna. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Moroko. Sheria yake namba 110-14, inayofanya kazi tangu 2020, ina milango miwili: wenye bima wanalipwa na makampuni, na wasio na bima wana mfuko wa mshikamano unaolishwa na kodi ndogo juu ya mikataba ya bima. Tetemeko la Septemba 2023 karibu na Marrakech lilikuwa jaribio lake la kwanza kubwa.

Congo ina tayari kipande kimoja cha jengo hilo: bima ya moto ya lazima. Kuongeza maji na mporomoko ndani yake, na kuchukua sehemu ndogo ya primi ya magari na bidhaa kwa ajili ya mfuko wa wasio na bima, kungehitaji sheria ya bunge na ARCA yenye meno. Kungehitaji pia jambo gumu zaidi, yaani ramani ya hatari ya kila mji, iliyochapishwa, ambayo ofisi ya ardhi ingelazimika kuifuata kabla ya kupiga muhuri. Watafiti wa vyuo vya Bukavu wamechora tangu miaka mingi miteremko inayosogea. Ramani zipo katika vitabu vyao. Katika ofisi ambako viwanja vinagawiwa hazionekani.

Wakati huo, katika Bukavu na Goma, hata ofisi hizo za ardhi ziko chini ya utawala ambao Kinshasa haiutambui, na karatasi zinazotolewa humo leo zitakuja kuulizwa na mwenye bima, na hakimu, siku moja. Anayenunua kiwanja sasa atembee kwanza ndani yake siku ya mvua, aone maji yanapitia wapi.